Siku ya Kumuaga Mbwa wa Shamba

Mwezi Juni tulikuwa na siku ya wakulima upande wa Moiben, katika Uasin Gishu. Maswali yalikuwa mengi, na yote yalikuwa yale tuliyoyazoea: mbolea ya kukuzia mahindi, bei ya maziwa, kupe wasiokufa kwa dawa. Watu walipokwisha tawanyika, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando ya gari. Kwanza aligeuka nyuma kuona kama yuko mtu anayesikiliza.

"Bwana," akasema, "nina neno dogo. Ni habari ya mbwa."

Nikamwambia, "Sema, Mzee. Mimi nakusikiliza."

Mbwa wake anaitwa Simba. Alimpata akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, mwaka ule kitindamimba wake alipoingia darasa la kwanza. Mtoto huyo sasa amekwisha maliza shule ya sekondari, kwa hiyo mbwa ana miaka 12. Miaka yote hiyo Simba amelala mlangoni pa zizi, na usiku mmoja ndiye aliyewafanya wezi waiache mitamba miwili barabarani wakakimbia. Sasa miguu ya nyuma haimbebi. Hujikojolea pale pale alipolala. Leo hula kidogo, kesho hagusi kitu. Vijana wa nyumbani wanasema apelekwe mbali akaachwe. Jirani ametoa shauri la kumtilia dawa ya kupe katika nyama. Mama wa nyumba hataki kusikia habari hizo.

"Mimi nimeuza ng'ombe wengi," mzee alisema, "wala sikukosa usingizi hata usiku mmoja. Huyu mbwa amenishinda. Nitajuaje kwamba siku imefika?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilimwomba namba yake ya simu, nikamwambia nitauliza. Katika kurasa zetu mbwa hutajwa mara moja kwa mwaka, wakati wa kampeni ya chanjo, kisha husahauliwa. Lakini ni nyumba chache sana katika skimu zisizo na mbwa, na kila mbwa huzeeka. Basi mwezi huu tumempa nafasi yake.

MBWA HANA KARATASI

Mkulima wa skimu ni mtu wa hesabu. Mashamba makubwa ya nchi hii ya juu yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, chini ya ule mpango wa ekari milioni moja, aliyepewa ploti alipewa pamoja nayo deni la kulipa, na deni humfundisha mtu kuandika. Wajukuu wa wakulima wale bado wana desturi hiyo. Ng'ombe wa Friesian au wa Ayrshire ana karatasi yake: lita za asubuhi, lita za jioni, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuzaa. Maziwa yakishuka mwaka huu, na mwaka ujao akakosa kushika mimba, karatasi husema yenyewe, na lori huja kumchukua. Mkulima husikitika kidogo, lakini hakuna ubishi.

Mbwa hana karatasi. Kazi yake ni kuzuia mambo yasitokee, na huwezi kupima kwa lita mwizi ambaye hakuja, wala huwezi kuandika katika daftari nyani ambaye hakuingia katika mahindi. Kwa hiyo anapougua mkulima hana tarakimu ya kumwongoza. Amebaki na moyo wake tu, na moyo hukosea kwa njia mbili. Wako wanaosema, "Hana kazi tena, mtoeni," hata kama mbwa huyo angeweza kuponywa kwa vidonge vya siku chache. Na wako wale ambao humpenda sana mnyama wao hata wakamwacha ateseke mwezi mzima kwa sababu hawawezi kutamka neno. Watu wa namna ya kwanza wamekemewa sana. Mimi naona hawa wa pili ndio wanaohitaji msaada zaidi, kwa maana hawajui kwamba wanakosea.

KWANZA UJUE NI UGONJWA GANI

Kabla ya kuuliza habari ya kuaga, uliza kama mbwa anaweza kupona. Mbwa wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wazee, kumbe ni kupe. Yule kupe wa rangi ya kahawia anayekaa juu ya mbwa huleta homa mbaya. Mbwa hulala mchana kutwa, ufizi wake huwa mweupe, pengine damu humtoka puani, na hukonda upesi. Ukimtazama utasema huyu hamalizi wiki. Lakini akipata dawa mapema, huenda baada ya siku chache akasimama na kudai chakula.

Tazama pia kinywani na katika nyayo. Mbwa asiyekula huenda ana jino lililooza, na mbwa asiyetaka kutembea huenda ana funza kati ya vidole. Tena kuna ule uvimbe wa sehemu za siri, mwekundu, unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana wakati wa kupandana. Watu wakiuona huogopa na kusema ni saratani, basi hakuna la kufanya. Kweli ni saratani ya namna yake, lakini ni moja ya zile zinazotibika vizuri: sindano moja kila wiki, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, huwaponya wengi wao.

Kwa hiyo mwite Daktari wa Mifugo kwanza, na usione haya kumwuliza maswali matatu waziwazi. Je, atapona, au dawa itamrefushia siku tu? Siku hizo zitakuwa za namna gani? Na gharama yote ni shilingi ngapi? Mkulima mwenye karo ya shule ya kulipa hana kosa akiuliza bei. Daktari mzuri hatakudharau. Atakwambia lipi linafaa kujaribiwa na lipi ni kupoteza fedha.

Onyo moja hapa. Usimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu. Dawa kama ibuprofen na diclofenac, ambazo twazinunua dukani bila kufikiri, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari anazo.

HALI MOJA ISIYONGOJA

Yote tunayoyasema juu ya kufikiri polepole hayahusu kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mpaka leo haujatutoka, ingawa Serikali ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza kwa watu. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani waliupata kwa mbwa.

Hatari ni kwamba si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu. Wengine hunyamaza. Taya hulegea, mate humtoka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma hulegea, sauti hubadilika. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani kuutoa. Hapo ndipo mtu hujiua mwenyewe kwa huruma. Kwa hiyo nilipomsikia mzee wa Moiben akitaja miguu ya nyuma, swali langu la kwanza lilikuwa: hali hii ilianza lini? Akajibu kwamba ilianza mwaka jana, wakati wa baridi, kidogo kidogo. Basi nilitulia. Kichaa hakimpi mbwa mwaka mmoja. Dalili zikionekana hufa katika siku chache, kwa kawaida hazizidi 10.

Ukiona mabadiliko ya ghafla, mfungie mbwa mahali pamoja bila kumshika, uwazuie watoto, na upige ripoti kwa afisa wa mifugo. Sheria ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, yakutaka ufanye hivyo. Usimponde kichwa, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara. Na kama ameuma mtu au mate yake yameingia katika kidonda, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku iyo hiyo ukadungwe chanjo. Usingoje mbwa afe ndipo uende.

KUHESABU SIKU

Sasa turudi kwa mbwa kama Simba, ambaye ugonjwa wake wajulikana, na wajulikana pia kwamba hautapona. Siku itajulikanaje?

Mwaka 2004 daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliandika kipimo ambacho sasa hutumiwa na madaktari katika nchi nyingi. Anamtaka mwenye mbwa atazame mambo saba. Je, mbwa ana maumivu, na anapumua bila taabu? Je, anakula? Anakunywa maji ya kutosha? Anaweza kuwekwa safi, au analala katika mkojo wake na vidonda vimeanza? Bado anafurahi akiwaona watu wake? Anaweza kwenda, hata kwa kusaidiwa? Na la saba, siku njema ni nyingi kuliko mbaya? Kila jambo hupewa alama kutoka 0 mpaka 10. Jumla ikizidi 35 kati ya 70, daktari huyo husema mbwa bado anaweza kuendelea kutunzwa. Ikishuka chini ya hapo, ni wakati wa kuzungumza.

Kipimo hiki ni kizuri, nami nilimsomea mzee katika simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana, hiyo ni mitihani ya shule." Alicheka, nami nikacheka. Lakini hakukataa maana yake. Tulikubaliana juu ya njia nyepesi zaidi.

Kwanza alitaja mambo matatu ambayo Simba aliyapenda kuliko yote. Hakufikiri sana. La kwanza, kufuata mkebe wa maziwa asubuhi mpaka barabarani. La pili, kubwekea pikipiki. La tatu, ukoko wa ugali ndani ya sufuria. La kwanza lilikuwa limekwisha tangu Pasaka. La pili lilikuwa limebaki nusu: hubweka lakini hainuki. Ukoko bado.

Halafu kuna kalenda. Kila nyumba ina ile kalenda ya ukutani ambayo duka la pembejeo hutoa mwisho wa mwaka. Kila jioni, baada ya kukamua, mtu mmoja atie alama: duara kwa siku njema, msalaba kwa siku mbaya. Awe ni mtu yule yule kila siku, na asitie alama asubuhi, maana asubuhi kila mtu ana matumaini. Baada ya wiki mbili, tazama ukurasa. Misalaba ikizidi maduara, siku imefika. Kwa njia hiyo mbwa naye amepata karatasi yake.

Nani atie alama? Mzee alifikiri ni yeye. Nikamwuliza, "Ni nani anayempa chakula?" Akasema, "Mama." Basi ni Mama. Katika nyumba nyingi mwenye mbwa kwa jina ni baba, lakini anayejua kama mbwa amekula, amelala wapi, na amelia mara ngapi usiku ni mama au mtoto. Ukifanya shauri bila wao utakosea hesabu, na tena utawaumiza.

Ujue vilevile kwamba mbwa huficha maumivu. Ukiumwa jino wewe utapiga kelele, lakini mbwa hukaa kimya. Huhema bila joto wala kazi, huzunguka usiku akikosa namna ya kulala, hulamba mahali pamoja mpaka nywele zinatoka, hujitenga nyuma ya ghala, au hugeuka mkali akiguswa na mtoto ambaye amemzoea. Msalaba utiwe siku kama hizo, hata kama alikula.

Katika wiki hizo mbili usikae ukihesabu tu. Mengi yaweza kufanywa. Baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba huwakaza viungo hata watu, sembuse mbwa mzee anayelala juu ya saruji. Mtilie nyasi kavu tele na gunia juu yake, mahali pasipo upepo. Mgeuze ubavu mara kadhaa kwa siku ili asipate vidonda. Maji yawe karibu na kinywa chake. Chakula kiwe laini, chenye supu kidogo isiyo na chumvi wala kitunguu. Nimeona mbwa aliyedhaniwa yu karibu na kufa akapata miezi mitatu mizuri kwa kubadilishiwa mahali pa kulala na kupewa dawa ya maumivu ya daktari.

KOSA LANGU MWENYEWE

Yafaa niseme kwa nini swali la mzee lilinigusa. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mbwa jike, Popi. Alipatwa na uvimbe tumboni. Daktari alimpima akaniambia bila kuficha kwamba hakuna dawa, na kwamba yuko tayari kuja siku nitakayomwita. Nikasema nitamwita Jumatatu.

Jumatatu ilipofika Popi alikunywa supu. Watu wa zamani walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, nami nikaona supu ile ndiyo ufuko. Nikangoja. Jumatatu ya pili hakunywa, lakini alitikisa mkia. Nikangoja tena. Mambo yakaenda hivyo wiki tatu, na kila wiki sababu ya kungoja ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia, mpaka mwisho nilikuwa nangoja kwa sababu alifungua macho. Alikufa usiku wa mvua kubwa. Alikuwa amejiburuta kutoka kibandani mpaka chini ya sakafu ya ghala, na tulimpata asubuhi, matope mpaka masikioni.

Nilimwambia kila mtu kwamba nilitaka kumpa nafasi. Si kweli. Wiki zile tatu nilijipa mimi.

NJIA ZISIZOFAA, NA INAYOFAA

Jirani wa mzee hakuwa na nia mbaya, lakini shauri lake la dawa ya kupe ni baya mno. Dawa ya josho haimlazi mbwa usingizi. Humtia kutetemeka, kutapika na kukosa pumzi, na kufa kwake huweza kuchukua saa nyingi. Tena nyama yenye sumu haichagui: atakayeila ni mbwa wa jirani, au nguruwe, au tai atakayetua juu ya mzoga. Na mikono iliyotia sumu katika nyama ndiyo itakayokamua jioni.

Kumpeleka mbali akaachwe ni ukatili wa namna nyingine. Mbwa mzee asiyeweza kutembea, akitupwa kando ya barabara ya Iten au karibu na soko mjini, hafi upesi. Hulala pale siku kadhaa akitafuta harufu ya nyumbani. Rungu na panga sitaki hata kuyazungumza, isipokuwa kwamba anayetumwa kufanya kazi hiyo mara nyingi ni kijana, na jambo hilo hukaa naye. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humtia hatiani mtu anayemtesa mnyama au kumsababishia maumivu yasiyo ya lazima, na mbwa ni mnyama kama ng'ombe.

Njia inayofaa ni sindano ya daktari. Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo iko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo uliza kwanza katika ofisi ya mifugo ya wadi yako. Wako pia madaktari wa binafsi. Hakikisha kwamba ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Patana bei kabla hajapanda pikipiki. Kama jirani naye ana mbwa wa kuchanjwa, mwite daktari siku moja kwa kazi zote, mgawane nauli.

Watu huogopa kwa sababu hawajui mambo yatakavyokwenda, basi nitayaeleza. Daktari mwema huanza na sindano ya kumtuliza mbwa, naye husinzia pale pale penye gunia lake. Kisha hunyoa nywele kidogo katika mguu wa mbele, hutafuta mshipa, na hutia dawa ya usingizi yenye nguvu nyingi. Mbwa hulala usingizi mzito kabla ya moyo kusimama, na yote huisha katika dakika moja au mbili. Macho hayafumbi. Pengine baada ya kufa huvuta pumzi mara moja au mbili, au misuli hutetemeka kidogo, au mkojo hutoka. Hayo si maumivu, mbwa amekwisha kwenda. Ni vizuri kuwaambia watoto mapema, na kuwaacha wachague wenyewe kuwapo au kutokuwapo. Usiwadanganye kwamba Simba amekwenda kwa mjomba. Watangoja arudi.

Anayependwa na mbwa akae karibu na kichwa chake na kumsemesha. Wanaume wengi husimama nje ya zizi kwa wakati huo, wakitazama mbali kama watu wanaopima mvua. Mimi nasema aingie.

Dawa ile hubaki katika mwili. Mzoga usipewe mbwa wengine wala nguruwe, wala usitupwe mtoni au kichakani, maana utawaua watakaoula. Chimba shimo lenye kina kupita mita moja, mbali na kisima na mto, na juu yake weka mawe mazito ili asifukuliwe.

Wako wasomaji watakaosema kwamba si kazi ya mwanadamu kuitoa roho ya mnyama mgonjwa, na kwamba yafaa kungoja. Sishindani nao. Lakini anayechagua kungoja amejitwika kazi: dawa ya maumivu kila siku, kumgeuza, kumwosha, kumpa maji kwa kijiko, mchana na usiku mpaka mwisho. Asiyeweza kuifanya kazi hiyo asiseme kwamba anangoja.

SIMBA

Mama alitia alama kwa siku 14. Mzee alinisomea ukurasa katika simu, siku moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma hesabu za ushirika. Wiki ya kwanza maduara matano na misalaba miwili. Wiki ya pili duara moja. Siku ya kumi na tatu Simba aliletewa sufuria ya ukoko, akainusa, akageuza uso.

Daktari alikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, maziwa yalipokwisha kwenda. Yule kitindamimba alikuwa nyumbani, naye ndiye aliyechimba shimo, kando ya ua wa kayaba, ng'ambo ya zizi. Jirani aliyetoa shauri la dawa ya kupe alikuja kusaidia kubeba mawe. Mzee aliniambia kwamba aliingia, akakaa chini juu ya nyasi, na hakutoka mpaka daktari alipofunga mkoba wake.

Nilimwuliza kama atafuga mwingine. Alisema kwanza hapana. Wiki iliyopita alinipigia tena kuuliza habari ya chanjo. Mama ameletewa mbwa mdogo na dada yake wa Ziwa, dume, mwenye doa jeupe kifuani, na hajapewa jina bado. Chanjo yake ya kichaa ni mwezi ujao, atakapotimiza miezi 3, na tarehe imekwisha andikwa katika kalenda ile ile.